Kuvaa Vizuri Dar es Salaam kwa Kipato cha Kawaida: Kuanzia Kabatini hadi kwa Fundi Cherehani

Kabla ya kupanda daladala kwenda soko la mitumba la Karume, toa nguo zako zote kabatini, na zile zilizo kwenye begi juu ya kabati, na zile zinazoning'inia nyuma ya mlango, uzimwage kitandani. Kazi hii inachosha na inataka Jumamosi nzima asubuhi, lakini hakuna njia nyingine ya kuona kwa macho yako mwenyewe fedha zako zilikwenda wapi. Nilipoifanya kwa mara ya kwanza nilikuta blauzi nyeupe saba, sita kati yake zikiwa na kasoro ile ile ya kubana mabegani, na nisione hata sketi moja nyeusi ya kuvaa kazini, ingawa kila mwezi nilikuwa nikirudi kutoka sokoni na mfuko mkononi. Nilikuwa nikinunua bei, si nguo.

Zigawe nguo hizo katika mafungu matatu: ulizozivaa ndani ya miezi mitatu iliyopita, zinazosubiri kifungo, zipu au pindo, na ambazo hujazigusa tangu masika ya mwaka jana. Fungu la kwanza litakuonyesha rangi, urefu na aina ya kitambaa unachokimbilia bila kufikiri asubuhi unapochelewa kazini, na hayo ndiyo mapendeleo yako ya kweli, hata kama akilini unajiona mtu wa mavazi mengine kabisa. Fungu la pili ndilo lenye nguo za bei nafuu kuliko zote utakazozipata mwaka huu, kwa kuwa gharama ya kubadilisha zipu haifikii bei ya suruali nyingine. Fungu la tatu usilitupe kwanza. Lifunge kwenye shuka na uliweke pembeni.

Kisha andika kwenye simu orodha ya vitu visivyozidi vitano unavyovihitaji, kila kimoja kwa maelezo kamili. "Sketi" ni neno pana mno mbele ya malundo ya mitumba, ilhali "sketi nyeusi ya kufika chini ya goti, yenye bitana, kiuno inchi 32" ni kitu ambacho macho yanaweza kukitafuta. Sharti nililojiwekea, na ambalo limeniokolea fedha nyingi kuliko ujuzi wowote wa kupatana bei, ni kwamba nguo isiyoweza kuvaliwa pamoja na nguo nyingine tatu nilizo nazo hainunuliwi, hata muuzaji akiitaja kwa buku, yaani shilingi elfu moja. Sharti hilo linakuwa rahisi kulitimiza ukichagua rangi mbili za msingi, kwa mfano nyeusi na kaki, au bluu iliyoiva na kijivu, kwa ajili ya suruali, sketi, koti na viatu, halafu rangi za kuchangamsha ukaziachia mashati, blauzi, mitandio na vitenge.

Orodha hiyo iandikwe kwa kuzingatia jua la hapa. Mitumba mingi inatoka katika nchi za baridi, na ndiyo maana makoti mazito ya sufu na masweta manene huwa mengi na rahisi sokoni. Koti la namna hiyo lina maana kwa anayesafiri kwenda Njombe au Lushoto mwezi wa Julai. Kwa mkazi wa Buguruni ni pambo la kabati. Mtu anayesimama kwenye daladala kati ya Desemba na Machi anahitaji pamba, kitani au viskosi, vitambaa vinavyonyonya jasho na kupitisha hewa, wakati poliesta tupu humfanya anuke saa nne asubuhi hata kama alioga saa kumi na moja alfajiri.

Suala la fedha lishughulikiwe kabla ya kutoka nyumbani. Mimi hutumia kibubu cha nguo, ninachokitia kiasi kile kile kila mwisho wa mwezi, na siku ya kwenda sokoni hubeba kilichomo humo tu, kwa sababu salio la kwenye simu halimpi mtu nafasi ya kujiuliza mara mbili. Katika kupima kama nguo ni ghali au rahisi, jumlisha bei, nauli na malipo ya fundi, kisha ugawanye kwa idadi ya siku utakazoivaa. Suruali ya kadeti ya shilingi 8,000, iliyopunguzwa kiuno kwa 3,000 na kuletwa nyumbani kwa nauli ya 1,000, ikivaliwa mara mia ndani ya mwaka itakuwa imekugharimu shilingi 120 kila siku uliyoivaa. Gauni la 35,000 lililovaliwa kwenye sherehe moja limekugharimu 35,000. Hesabu hii haina maana kwamba ununue vitu vya bei ya chini daima. Mara nyingi inakushauri utoe fedha zaidi kwa koti moja zuri la kazini na kuachana na blauzi nne za kubahatisha.

Neno mtumba lenyewe asili yake ni furushi au mzigo uliofungwa, na wazee wanakumbuka nguo hizi zikiitwa "kafa Ulaya", kwa dhana kwamba wenyewe walikwisha kufa huko zilikotoka. Biashara yake ilipanuka katika miaka ya 1980, masharti ya kuingiza bidhaa yalipolegezwa, na leo kila upande wa jiji una soko lake. Karume, Ilala, jirani na uwanja wa mpira wa jina hilo, ndilo linalotajwa kwanza, na limebaki hivyo hata baada ya moto wa Januari 2022 ulioteketeza vibanda vya wafanyabiashara wengi. Manzese iko pembeni mwa Barabara ya Morogoro na inafikika kwa mwendokasi. Watu wa Temeke wana Tandika. Kwa nguo mpya za bei ya chini kuna Kariakoo, hasa Mtaa wa Kongo, unaojulikana kwa machinga wake. Huko Kariakoo ndiko pa kununulia nguo za ndani na soksi, kwani Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba, nawe huna sababu ya kuzitaka wakati maduka ya jumla yanauza kwa dazani na marafiki watatu wanaweza kuchanga na kugawana.

Muda wa kwenda unabadilisha kila kitu. Mabelo, yaani marobota ya mitumba, hufunguliwa asubuhi, na wachuuzi wanaouza tena mitaani na mitandaoni huwa wamekwisha kufika alfajiri, wakizunguka meza ambayo muuzaji amepanda juu yake akinadi nguo moja moja. Mnunuzi wa kawaida hana haja ya kushindana nao kila wiki, lakini akitafuta kitu maalumu kama suti au koti la kazini, afike mapema, siku ya kazi, akiwa ameomba ruhusa au yuko likizo. Mwenye kutafuta fulana za nyumbani na nguo za watoto aende jioni, muuzaji anapokusanya mzigo na kuuza kwa mafungu. Bei huwa ngumu karibu na mwisho wa mwezi, na huwa ngumu zaidi wiki za kuelekea Idi na Krismasi. Januari, ambapo kila mzazi anahangaikia ada, ndipo utakapoona muuzaji akikuita yeye mwenyewe.

Vaa kwa kujiandaa. Sokoni vyumba vya kujaribia nguo ni adimu, hivyo mwanamke anayevaa fulana ya kubana na taiti chini ya dera ataweza kujaribu gauni au sketi palepale, na wauzaji wengi wana khanga ya kukukinga ukiwaomba. Mwanamume avae fulana nyepesi ndani ya shati. Beba tepu ya fundi, mfuko wako mwenyewe, maji, na pochi ya kuvaa mbele, kwa kuwa msongamano wa Karume haufai kwa mkoba wa begani.

Usitegemee namba iliyoandikwa kwenye lebo. Gauni la namba 12 la Uingereza ni karibu sawa na namba 8 la Marekani na namba 40 ya nchi nyingi za Ulaya, na nguo kutoka Korea au China huwa ndogo kuliko herufi zake zinavyodai. Tepu haina uraia. Kwa suruali, njia ya haraka inayojulikana na kila muuzaji ni kuzungusha kiuno chake, kikiwa kimefungwa na kulazwa bapa, kwenye shingo yako. Ncha zikikutana kisogoni bila kuvutwa, mara nyingi itakutosha kiunoni. Njia hiyo haisemi lolote kuhusu nyonga na mapaja, kwa hiyo anayejijua kuwa na mwili mpana upande huo apime kwa tepu.

Ukaguzi wa nguo ndipo penye faida au hasara yote, na unataka utaratibu usiobadilika, kwa sababu furaha ya kupata kitu kizuri humfanya mtu asione tundu lililo wazi. Mimi huanza kwa kuigeuza nguo ndani nje. Huko ndani mishono husema ukweli: iliyonyooka, yenye nyuzi zilizobana na ncha zilizopigwa overloki au kukunjwa na kushonwa tena, ni dalili ya nguo iliyotengenezwa idumu, ilhali yenye nyuzi zinazoning'inia itafumuka ikifuliwa mara mbili. Shika pande mbili za mshono uvute polepole, na ukiona mwanga katikati, irudishe. Kisha inyanyue nguo uitazame dhidi ya jua, hasa sehemu za makalio, mapaja na viwiko, kwani kitambaa kilichokwisha kuchakaa hupitisha mwanga kama chujio ingawa mezani kinaonekana kizima. Kwapa zikague kwa macho na kwa pua. Doa la njano lililokwisha kukakamaa kwenye shati jeupe halitoki, haidhuru muuzaji aape vipi. Ukosi ukunjue, pindo ulitazame, zipu uipandishe na kuishusha mara tatu, na vifungo uvihesabu. Mashati na makoti mengi ya kiwanda huwa na kifungo cha akiba kilichoshonwa kwa ndani, upande wa ubavuni au kwenye bitana, na hicho hukuokoa usibadilishe seti nzima.

Jinzi za kunyumbuka zina ugonjwa wao. Zikiwa zimevaliwa sana, nyuzi za mpira zilizomo hukatika, na ukiitandaza suruali utaona mawimbi madogo mapajani yasiyonyooka hata kwa pasi. Suruali hiyo itakuwa imelegea magotini kabla hujafika Posta. Masweta na fulana zenye vinundu vidogo juu ya kitambaa zinaweza kunyolewa kwa wembe kwa uangalifu, ila vinundu vingi ni ishara kwamba kitambaa ni cha nyuzi fupi na vitarudi tena.

Lebo ya ndani, kama haijakatwa, ni ya kusomwa: cotton ni pamba, linen ni kitani, wool ni sufu, silk ni hariri, na asilimia zilizoandikwa mbele yake zinakuambia kila kimoja ni kiasi gani. Lebo ikiwa haipo, chomoa uzi mmoja kwenye pindo na, ukifika nyumbani, uuchome kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, sufu na hariri hunuka kama nywele zilizoungua, na poliesta huyeyuka na kuwa punje ngumu. Kufanya hivyo kwa nguo tatu nne kutavifundisha vidole vyako, na baada ya muda utavitambua vitambaa kwa kuvipapasa tu.

Kupatana bei ni somo fupi. Salimia kwanza, chagua vitu vitatu au vinne kwa muuzaji mmoja, ndipo uulize bei ya vyote kwa pamoja, bila kusifia kimojawapo kwa sauti. "Kaka, hili halina vifungo viwili na hii sketi itaingia kwa fundi, nifanyie yote matatu elfu kumi." Atakujibu, "Dada yangu, mtaji haurudi hapo, ongeza buku mbili." Mkiishia elfu kumi na moja, kila mmoja ameheshimiwa. Ninachokishauri zaidi ya kubishana ni kuwa mteja wa mtu: ukinunua kwa muuzaji yule yule mara tatu na kumwachia namba yako ya simu pamoja na vipimo vyako, atakuwekea kando vitu vya kimo chako na kukupigia akifungua belo.

Sasa twende kwa fundi cherehani, ambaye kwa maoni yangu ndiye anayetenganisha mtu aliyevaa mtumba na mtu aliyependeza. Shati la 3,000 lililopunguzwa ubavuni na kufupishwa mikono likakukaa sawasawa litaonekana la thamani kuliko shati jipya la 40,000 linalopwaya. Lakini fundi naye ana mipaka, na ni lazima uijue ukiwa bado sokoni. Anaweza kwa urahisi kufupisha suruali, kubana kiuno, kupunguza ubavu, kubadili zipu na kukata mikono. Mabega ni kazi ngumu na ya gharama, hasa kwenye koti, kwa hiyo koti ambalo mshono wa bega hauishii kwenye mfupa wa bega lako liache, hata kama sehemu nyingine zote zimekukaa. Nguo kubwa hupunguzwa. Nguo ndogo huongezwa tu iwapo kuna kitambaa cha ziada kilichofichwa kwenye mishono, na hilo huonekana ukiigeuza ndani nje.

Ifue nguo kabla ya kuipeleka kwake, kwa sababu kitambaa cha pamba kinaweza kupungua kikifuliwa na vipimo vikabadilika. Kwa fundi mpya anza na nguo moja ya majaribio, na uvae viatu utakavyovivalia suruali hiyo wakati anapopima urefu. Mwambie unaihitaji siku tatu kabla ya siku yenyewe, kwani "njoo kesho" ya mafundi wetu inajulikana. Kazi zisizo za haraka zipeleke kipindi cha Kwaresima, harusi za makanisani zinapopungua, naye atakuwa na utulivu wa kuzifanya vizuri.

Harusi ndizo zinazovuruga bajeti ya mavazi kuliko jambo lingine lolote katika jiji hili. Mwanamke mmoja anaweza kutakiwa kununua sare ya kicheni pati, sare ya sherehe ya kumuaga bibi harusi na sare ya harusi yenyewe, zote za ndoa moja. Ninakubali sare ya ndugu wa karibu na rafiki wa kweli; kwa wengine hutoa mchango wangu kamili na kuvaa nguo niliyo nayo yenye rangi inayokaribiana, na bado sijawahi kurudishwa mlangoni. Kitenge cha sare ukikinunua, usikishone gauni la mkia linalofaa ukumbini tu. Shona blauzi na sketi zilizotengana, ili sketi ivaliwe kazini na blauzi nyeupe, na blauzi ivaliwe Jumapili na suruali nyeusi. Kipande cha yadi 6 mara nyingi hutosha watu wawili wakishona mishono ya kawaida, kwa hiyo tafuta dada au wifi wa kugawana naye. Dukani kigeuze: kitenge kizuri cha nta kina rangi karibu sawa pande zote mbili, na kitambaa kinachotia rangi leso nyeupe iliyoloweshwa kitachuja pia juu ya ngozi yako.

Viatu vya mitumba vinataka tahadhari ya pekee. Niliwahi kununua viatu vya ngozi vilivyong'arishwa vikang'aa, nikavivaa kwenye usaili wa kazi siku ya mvua, na soli ya kushoto ikabaki kwenye dimbwi huku mimi nikiendelea na safari. Soli nyingi za kisasa zilizotengenezwa kwa poliyurethani huoza zenyewe kwa unyevu baada ya miaka, hata kama kiatu hakijavaliwa. Kikunje kiatu, kibonyeze soli kwa ukucha, na ikiwa inamung'unyuka au kuna mistari ya nyufa, iache. Mikoba na mikanda ya ngozi bandia nayo hubabuka kwa unyevu wa pwani, ilhali ngozi halisi, ambayo kwa nyuma ina manyoya laini, hudumu ikipakwa rangi na mafuta. Kiatu kizima kilichogundishwa tu, mpe fundi viatu akishone soli kuizunguka kabla hujakivaa.

Kuhusu wauzaji wa mtandaoni: wengi wao wanauza mitumba ile ile iliyochaguliwa, kufuliwa na kupigwa pasi, kwa bei mara kadhaa ya ile ya Karume. Hilo si wizi, maana wameamka saa kumi kwa niaba yako. Omba vipimo kwa inchi na picha ya kwapa na ukosi, na ulipe mzigo ukishakufikia kila inapowezekana.

Nguo ikiingia nyumbani, iloweke kwa sabuni peke yake, kwani hujui itachuja vipi. Za rangi zianikwe kivulini zikiwa zimegeuzwa ndani nje, kwa sababu jua la Dar es Salaam hupausha bega la shati jeusi ndani ya wiki chache. Nyeupe ziache juani. Jiki itumike kwa pamba nyeupe pekee, maana huharibu sufu na hariri, na kamwe isichanganywe na siki, kwani mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu. Wakati wa masika usiingize kabatini nguo yenye unyevunyevu, na siku yenye jua acha milango ya kabati wazi, la sivyo ukungu utaziwahi kabla yako.

Lile fungu la tatu lililofungwa kwenye shuka liitie marafiki. Sisi watano hukutana Jumapili moja kila baada ya miezi michache, kila mmoja na fungu lake, na blauzi zangu sita zilizonibana mabegani ziliondoka alasiri moja kwa wenye mabega membamba, nami nikarudi na sketi nyeusi yenye bitana, kiuno inchi 32, ambayo niliitafuta sokoni kwa miezi miwili. Zilizobaki bila mtu wa kuzichukua hukatwa matambara ya jikoni, lakini kabla ya mkasi kupita hukata vifungo vyote na kuchomoa zipu nzima nzima, nikaziweka kwenye kopo la maziwa ya unga ninalokwenda nalo kwa fundi.